Karatasi Nyuma ya Mlango

Karibu. Soma hapa kabla hujalala.
Viatu, natumai, umeviacha barazani.
Kama bado, rudi ukavivue. Mimi nitanyamaza,
ila mama mkwe hanyamazi, na huwa hana simile.

Dola zako zikague usiku huuhuu.
Iliyochanika pembe, iliyochorwa kalamu,
hapa Naryn hakuna atakayeishika.
Badili upate noti ndogondogo za som:
mwenye farasi hana chenji,
atakutolea nje mifuko yote ya koti
uone mwenyewe, huku akicheka.

Choo kiko nje, hatua thelathini na mbili.
Nilizihesabu usiku mmoja wa Januari
nikiwa na mimba ya miezi minane.
Chukua tochi. Ukirudi, izime kidogo
utazame juu. Hilo silitozi.

Mkate usiulaze kifudifudi,
hata kipande kilichokauka kama kigae.
Kitambaa cha chakula usikiruke, kizunguke.
Kikombe nitakitia chai nusu; usidhani ni uchoyo.
Nusu maana yake nitamimina tena,
na tena, bado tunaongea.
Siku nitakapokijaza hadi ukingoni
ujue farasi wako ameshatandikwa.

Mgeni wa siku ya tatu, wengine humpa jembe.
Mimi humpa ndoo. Bomba liko mtaa wa chini.
Yachemshe.

Huko juu ziwani, Song-Kul, ni mita elfu tatu na ushee.
Kichwa kitakugonga kama karakana ya mhunzi.
Usishindane na mlima, wenyewe haushindani na mtu.
Kunywa maji, panda taratibu,
na iwe Julai, isiwe Julai, beba koti zito:
nimeona theluji ikiangukia nguo zilizoanikwa.
Ukiivuka tu ile njia ya mlimani simu inakufa.
Wapigie wa kwenu kabla.
Usiwaache wakihesabu siku kwa vidole.

Mbwa wa wachungaji hawajui habari ya utalii.
Inama, kama unayeokota jiwe.
Jiwe si lazima liwepo.

Kimis ni maziwa ya farasi yaliyochachuka, yana moshi ndani yake.
Funda la kwanza ni la adabu.
La pili ni hiari yako.
Ukifika la tatu, mume wangu Sagynbai atakuita mwanangu,
na akishaanza hivyo utachelewa kulala.

Watu watakuuliza umri, mshahara, una watoto wangapi.
Si udaku, ndiyo salamu yetu.
Beba picha ya familia, inafaa kuliko kamusi.
Nawe uliza.

Kuhusu chumba.
Kitanda kina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kitabu cha hesabu.
Dirisha linyanyue kwanza, ndipo ulisukume;
aliyejua kulitengeneza ni Ermek, na hiki ni chumba chake.
Medali za mieleka ziache zilivyo, hata ile iliyopinda.
Yuko Yekaterinburg, mwaka wa nne sasa,
anabandika vigae katika vyoo vya watu, vyoo vya ndani.
Anasema taa zake hujiwasha zenyewe ukiingia.
Nikamwuliza, na nyota je?
Akasema, mama, mtandao unakatika.

Naye nilimwandikia karatasi kama hii, nikaikunja ndani ya soksi:
pasipoti usimwachie mtu,
usilale na njaa kwa kuona haya,
wakikutukana kwa lugha yao, wewe jibu kwa kazi.
Hilo la mwisho leo nisingeliandika.
Sijui kama aliisoma. Soksi alizivaa,
nilizitambua kwenye picha.

Kifungua kinywa ni saa mbili.
Yai ukilitaka gumu, niambie usiku huu.
Usiponiambia nitalitoa laini,
mkono umezoea.

Burulcha