Zipu ya Biblia

Hapa Gongoni chumvi inakula kila kitu.
Imekula bawaba za mlango, kitako cha sufuria,
misumari ya bati juu ya kitanda chetu.
Ambakisye akirudi zamu buti zake ni nyeupe
kama aliyekanyaga sakitu ya Rungwe.
Nazigonganisha ukutani, zinadondosha mshahara wake.

Tulikuja kwa miaka miwili, yeye na pampu zake,
mimi na cherehani. Huu ni wa tano.
Kila mwaka tunapanga foleni Malindi, mhuri juu ya mhuri,
karani ananiuliza kazi yangu hapa ni nini.
Ningesema: kungoja maji matamu.
Nasema: mke.

Dukani nilisema, "Naomba kiberiti,"
mwenye duka akanitazama mikononi
akitafuta bakuli.
Sasa nasema "nipe," na usiku naitubu
kama dhambi ndogo.

Majani ya chai ni ya kwetu, shemeji huyatuma kwa basi
ndani ya soksi mpya. Maji ndiyo ya hapa.
Tunainywa Tukuyu iliyokolea chumvi,
tunasema leo mama kapika supu, tunacheka.

Siku nyingine hatucheki.
Mwezi wa pili nauli yetu ya kwenda nyumbani
aliituma kwa kaka yake, bila kuniambia.
Sikupiga kelele. Nilimnyamazia,
na kwangu mimi huko ndiko kupiga.
Wiki tatu kila mtu alisali na ukuta wake.
Chakula alikibariki yeye, kwa sauti ya chini;
mimi nikasema amina kabla hajamaliza,
makusudi.

Hata Jumamosi ya kuamkia Pasaka
nikaishusha Biblia ya arusi kutoka juu ya kabati.
Zipu imeshika kutu.
Nikavuta. Akavuta. Tukapaka mafuta ya cherehani.
Ikakataa, meno kwa meno.
Tukatazamana; hatukuhitaji mhubiri.
Akachukua wembe, akalichana ganda polepole
kama anayechinja kuku wa watu,
na bila kuinua macho akasema "nisamehe nauli"
kwa Kinyakyusa,
lugha ambayo chumvi bado haijaifikia.

Kwetu Pasaka huanzia makaburini.
Alfajiri, usharika mzima, blanketi mabegani,
mchungaji anawasomea waliosimama na waliolala
kwamba Bwana amefufuka,
na bibi zangu husikia kwanza, maana wako karibu.
Hapa hatuna kaburi hata moja.
Nilimwambia Kadzo jirani, kulalamika tu,
jioni ile tukianua nguo:
ugeni ndio huu, huna wa kumwamsha.

Kadzo, asiyekwenda kanisani wala msikitini,
akalikunja shuka lake mara nne.
"Mimi ninaye," akasema. "Njooni kwa wangu."

Saa kumi na moja, nyuma ya jiko lake:
kichuguu cha mchanga, kikombe cha plastiki cha bluu.
Thoya, miaka minne.
Ambakisye alisoma kwa tochi ya simu,
upepo ukitaka kufunua ukurasa, nikaushika kwa kidole.
Alipofika "hayupo hapa"
akasita. Alimwona mama.
"Soma," Kadzo akasema.
"Hata mimi kila nikija simkuti."

King'ora cha zamu kikalia upande wa mabwawa.
Akavaa buti, sikukuu au si sikukuu, akaenda.
Sisi wawili tukabaki na birika.
Kadzo akaonja, akakunja uso,
akasema nimebania sukari.

Zipu ya kufaa sijaipata, hata Malindi mjini.
Biblia iko mezani, haifungiki tena.
Asubuhi naipangusa chumvi
pale ilipofunukia,
nasoma palepale.