Malaika Asiyelipiwa

Malaika yule aliagizwa na watu wa Kibosho.
Wakalipa nusu, wakagombania shamba, hawakurudi.
Miaka sita amesimama nyuma ya karakana yetu, Majengo,
pua imebanduka,
kuku wanatagia kwenye mkunjo wa kanzu yake.
Nilimtengeneza mimi, mifuko miwili ya saruji na nondo.
Nilidhani namjua.

Kisha Aikande, binti wa jirani, aliyesomea uchoraji
akarudi Moshi hana kazi, makaratasi kwapani,
akaniambia, "Fundi Ndesario, hebu mchore."
Nikamchora kama ninavyopiga kamba ya msingi:
mstari hapa, mstari pale, bega limezungushiwa, bawa limezungushiwa.
Akatazama. Akauliza taratibu,
"Huyu umemfungia senyenge ya nini?"

Miaka hamsini na miwili, nafundishwa na mtoto
niliyemnunulia daftari lake la kwanza.
Sikukasirika.
Nilikasirika kidogo.

"Mstari haupo," alisema. "Pana mahali mwanga unapokoma."
Akanichorea vyumba tisa pembeni mwa karatasi:
cha kwanza karatasi tupu,
cha tisa masizi ya chungu cha mbege,
katikati kijivu kinashuka ngazi polepole
kama mtu asiyetaka kufika.
"Finya macho. Pua isahau. Tafuta namba."
Pua kweli haikuwepo.

Makaa nilichoma mwenyewe,
vijiti vya mibuni iliyopogolewa,
ndani ya kopo la maziwa lililozibwa kwa udongo.
Wiki ya kwanza kila kivuli nilikipa tisa.
Uso ukawa pango, macho mashimo ya panya.
Aikande akaokota kipande cha bati jipya,
akakilaza chini, miguuni pa malaika,
na kidevu, naapa, kikapumua:
gizani mle mkaingia mwanga wa kuazima,
hafifu, umedunda kutoka ardhini.
"Umeona? Hata kivuli kina mgeni."

Kuna kivuli anachokivaa
na kivuli anachokiangusha.
Cha kuvaa kinayeyuka pembeni kama siagi kwenye kikaango;
cha kuangusha kina makali karibu na bawa,
kisha kikienda mbali kinasahau umbo lake.
Haya nilikuwa nayakanyaga kila siku
nikibeba zege.

Julai mlima ukajifunika wiki tatu.
Mawingu, manyunyu, mwanga wa kijivu kutoka kila upande,
na malaika akawa bapa kama chapati.
Nilimkodolea macho, hakuna kitu.
Bawa lilikuwepo, mkono ulilijua, jicho lilikataa.
Basi kumbe kazi yangu miaka yote
ilikuwa nusu;
nusu nyingine alikuwa anamalizia jua,
na sijawahi kumlipa.

Alhamisi moja, saa kumi na robo,
jua likachungulia upande wa reli.
Dakika kumi na mbili. Nilihesabu baadaye, si wakati ule.
Nilipaka karatasi nzima namba tano,
nikachukua kipande cha mkate, nikafuta:
paji la uso, ukingo wa bawa, kifundo kimoja cha kidole.
Kuku akaruka, nikamwacha nje ya picha.
Mwanga sikuuchora. Niliutoa mlemle.
Aikande hakusema neno,
aliula ule mkate uliobaki.

Usiku ule umeme ulikatika.
Mamkwe alikuwa ameinama juu ya jiko, anageuza ndizi,
makaa yanamulika kutoka chini,
shavu la kulia limezama, la kushoto limebaki,
na chini ya kidevu chake, pale nilipodhani pana giza tu
miaka ishirini na saba,
palikuwa na mwanga mdogo, mwekundu, umekaa.
Nikafinya macho.

"Unanitazama nini wewe?"
"Namba tatu," nikasema.
"Tatu ya nini?"
Nikatafuta neno. Ndizi zikaanza kuungua.