Hatua Sita

Kwa Nkwabi fundi baiskeli, pale Isevya,
ubishi umefika kwenye mita.
"Arobaini! Mguu wa Mihayo ni rula."
"Rula iliyopinda," anadakia Sizya muuza karanga.
Jumamosi alihesabu, uwanja wa chuo cha ualimu:
pasi ndefu ikifika, karanga mfuko wa kulia,
ikipotea, mfuko wa kushoto.
Za kulia zilitimia nne.
Za kushoto hajui; njaa ilimbana kipindi cha pili.

"Upepo je?"
"Upepo haukuvaa njumu."
"Na ule mpira uliotua kwenye matuta ya viazi?"
"Ile ilikuwa krosi."
Wanacheka, spana inatumbukia kwenye beseni
ambamo tyubu yangu inasakwa tundu.

Mimi kimya, nimeshika pampu.
Winga ni mimi. Jezi namba saba.
Ile pasi ya dakika ya themanini ilishuka
pale pale aliponionyesha kwa kidole,
ikadunda mara mbili, kama inayoningoja,
nami nilikuwa hatua sita nyuma,
natweta.

Povu linapanda majini.
"Hapa ndipo panapovuja," anasema Nkwabi,
na sijui kwa nini nimeinamisha uso.