Slaidi ya Kumi

Barua ilipofika,
nilisoma nikacheka:
eti mimi natakika
kuhutubu seminani.

Ni siku mbili za mada,
walimu wa kila kada,
niwasomeshe kwa muda
dakika arubaini.

Mada: watoto kusoma,
wasibaki wakikwama,
herufi zikiwauma,
wa la pili darasani.

Chini pana angalizo:
"Chaki hatutaki hizo,
mje na slaidi, ndizo
za kuonwa hadharani."

Mimi na chaki ni damu,
vumbi lake limo humu,
tangu kushika kalamu
hadi leo, mapafuni.

Kadzo wetu wa Malindi,
mwenye vidole vya fundi,
akanambia, "Sipendi
maandishi ya foleni.

Slaidi siyo daftari
ya kunakili habari,
weka picha moja nzuri
na neno moja pembeni."

Nilimjibu, "Taibu."
Usiku nikajaribu:
nikahamisha kitabu
na tanbihi za mwishoni.

Neno moja likaruka,
la pili likazunguka,
la tatu likaanguka
kama tunda la mtini.

Nikazidisha na rangi:
zambarau, njano nyingi,
kichwa kimevishwa shungi
kama bibi harusini.

Nilipohesabu hapo,
sitini na moja zipo,
na saa nzima haipo.
Nikazitia flashini.

Mkomani, siku ile,
viti vilijaa tele,
ukuta mweupe mbele
una ufa wa zamani.

Alikuja Bwanaheri
kutoka Siyu, safari
ya boti tangu fajiri,
akaketi mlangoni.

Ya kwanza mbele ikaja,
ina maneno ya haja,
nikasoma moja moja,
uso wangu ukutani.

Nyuma nasikia simu
zanasa picha; walimu
wameziweka kalamu,
zimelala mikobani.

Ule ufa, kwa kusudi,
ukaigawa slaidi:
"ku" ikabaki baidi,
"soma" ikaenda chini.

Hata slaidi ya tisa
Bwanaheri akapesa
macho yake, akakosa
nguvu, akawa ndotoni.

Nikabonya. Ghafla tupu!
Nikabonya tena chapu,
ikaganda. Kama jipu
haya ikaiva ndani.

Pana kisanduku wazi
chenye herufi za uzi:
"Bofya hapa, mwandalizi,
weka neno sandukuni."

Kimya kikamzindua
Bwanaheri. Akatua
macho pale, akajua
ni swali la mtihani.

"Andika," akanambia,
"tisini ninawalea,
vitabu vyangu, sikia,
vinane tu kabatini."

Vidole vyanitetema,
nikachapa alosema;
akanyanyuka, kasoma
yake mwenyewe, kwa shani.

Mwanamkuu wa Shela
akasema, "Wangu Lela
alisoma, bila hila,
pakiti zote jikoni."

Kadzo naye, kule nyuma:
"Mimi wangu wanasoma
mabango ya kila chama
wayaonayo njiani."

Kisanduku kikajaa,
herufi zikasinyaa,
zikabanana kukaa
kama wana dawatini.

Wakapinga, wakacheka,
kalamu zikafunguka,
na zile nilizoweka
zikabakia gizani.

Afisa kanipongeza:
"Ile tupu, uliweza!
Hiyo mbinu ulocheza
uliipata chuoni?"

Kadzo akanitazama.
Nikameza neno zima,
nikanywa soda kwa hima
nisiseme la moyoni.

Usiku, chumbani kwangu,
nikafuta zile zangu
zenye shungi na mizungu,
ishirini, thelathini,

na kidole kikakoma
kwenye ile ya kusema:
vinane, pakiti, chama,
vyote vikiwa safuni.

Chini yake nikatia
nyingine tupu; najua
Faza wananingojea
Jumatatu, ukumbini.