Nguzo ya Tano, Upande wa Kaskazini

Watu huniuliza, ulipanda? Uliona?
Nasema niliona, kisha nanyamaza,
maana ninachokumbuka kwanza ni lango lililofungwa.

Agosti, Athens, saa sita na dakika tano mchana.
Karatasi kwenye nondo: JOTO. TUTAFUNGUA SAA KUMI NA MOJA.
Nasi tumetoka mbali kote huko,
tiketi mkononi, kama waalikwa
waliofika harusini siku ya kuosha masufuria.

Wifi yangu Mgeni (ndilo jina lake, si sifa)
alicheka mpaka akakaa chini.
Juu kabisa, Parthenoni
ilisimama na winchi ubavuni,
mgonjwa na mpira wake wa dripu.

Ndivyo tulivyomfahamu Evanthia.
Kibanda chake: maji, kofia, mikate ya pete yenye ufuta,
paka wa rangi ya chai ya maziwa
amelala juu ya friji.
"Ela," akatuita, akasogeza kreti mbili kivulini.
Kiingereza chake kilikuwa cha vipande, changu cha viraka;
tukaunga.

Mumewe alikuwa fundi huko juu.
Thanasis. Miaka ishirini na sita na patasi.
Si kujenga: kuziba. Pale jiwe la kale lilipomeguka
alichonga jipya, la mlima uleule,
likae ndani ya jeraha
pasibaki mwanya hata wa unywele.
Pengine miezi minane, kwa kipande kisichozidi mkate.
"Nguzo ya tano, upande wa kaskazini,
ukihesabu toka jua linakochomoza.
Chini ya bega. Jeupe. Kama jino la kuweka."
Vumbi lilimwingia mapafuni. Hakuongeza neno;
alipangusa friji iliyokwisha kupanguswa.

Mgeni, asiyejua kumeza swali:
"Na wewe hupandi?"
"Nilipanda na shule, nina miaka kumi. Nilitapika."
Kisha, baadaye sana, akihesabu chenji:
"Marumaru ile ina chuma ndani.
Huanza nyeupe, jua huipa rangi ya asali.
Thanasis alisema, siku lisipotambulika tena
ndiyo siku kazi yangu imekwisha."
Hakusema anachoogopa:
kulikuta bado jeupe,
au kulikosa.

Saa kumi na moja tulipanda na umati,
mawe yameng'arishwa na nyayo hadi yanateleza kama sabuni.
Tukahesabu kutoka mashariki. Moja. Mbili.
Ya tano ilikuwa na viraka saba.
Sikukosea: saba, vingine maziwa matupu,
vingine meno ya mvuta tumbaku.
Mgeni akasema kile. Mimi nikasema kile.
Nikainama juu ya kamba, mkono mbele,
filimbi ikalia, mlinzi akanitikisia kidole
kama mwalimu wa chekechea.

Mji wote ulikuwa chini yetu, mweupe hadi baharini.
Hatukuutazama. Wala hekalu lenyewe, nikisema kweli.
Tulibishana mbele ya nguzo moja
mpaka wakatutoa.

Evanthia alikuwa anashusha shata.
Hakuuliza; aliinua nyusi tu.
"Tumeliona," nikasema.
"Limeanza?"

Paka aliruka chini. Nilihitaji muda huo.
"Limeanza," nikasema. "Ila ajuaye pa kutazama,
bado analiona."

Akamkabidhi Mgeni mkate wa mwisho, pesa akakataa,
na ule mkate, sijui kwa nini, ulikuwa na chumvi nyingi.

Ni miaka tisa sasa. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka
nina picha moja tu ya safari ile:
jiwe, lisilo na juu wala chini,
na kidole gumba cha Mgeni pembeni.
Huu ni ukuta wa nani? wanangu huuliza.
Mimi naikuza, naikuza, mpaka inakuwa vidoto vya rangi,
na hata hapo nahesabu.