Nani Alizoa Mavi

Aliyeuliza ni Odette, binti wa fundi bomba,
miaka saba, meno mawili ya mbele hana.
Wenzake walitaka twiga, kichwa nje ya dirisha.
Yeye alitaka kujua nani alizoa mavi.

Mchungaji Haldane, ambaye hajawahi kuchunga,
akakohoa, akanitazama mimi.
Yeye ndiye aliyenialika: miaka ishirini na miwili
nimevusha kondoo kutoka Fremantle hadi Aqaba,
elfu arobaini kwa safari, sitaha nane.

"Walikuwa watu wanane," nikasema. "Walizoa wote. Hata mzee."

Kisha sikuweza kunyamaza.

Nikawaambia maji ya kunywa hayakuwa taabu,
mvua ilishuka bila kuombwa: mfereji wa mbao
kutoka paani hadi kwenye mapipa, basi.
Taabu ni nyasi. Nyasi zikifungwa mbichi hujipika zenyewe,
na moto ndani ya chombo kilichopakwa lami, jamani!
Kwa hiyo kuna mtu alizianika kwanza, akazigeuza juani
siku baada ya siku, majirani wakimcheka.

Wazito chini, wepesi juu.
Tembo usichukue dume zima; chukua mtoto
aliyekwisha kuachishwa ziwa: hori lake dogo,
na miaka yake ya kuzaa yote iko mbele.

Lakini kinachoua si kiu wala njaa. Ni hewa.
Kondoo hupumua joto, hukojoa joto,
na mkojo wa juzi hupanda machoni kuliko kitunguu.
Upepo ukija kwa nyuma, mwendo mmoja na meli,
hewa husimama kabisa. Bahari ya Shamu, mwezi wa nane,
nimeona nahodha akienda upogoupogo,
akipoteza nusu siku na mafuta ya watu
ili upepo upige ubavuni, kondoo wavute pumzi.
Safina haikuwa na usukani.
Ilikuwa na uwazi wa dhiraa moja chini ya paa,
nami naamini ule uwazi ndio uliowaokoa:
joto la migongo likipanda, likitoka,
likivuta hewa baridi nyuma yake
kama sindano inavyovuta uzi.

Mchungaji akatazama saa.

Jambo moja sikuwaambia watoto.
Sisi tuna daftari. Aliyekufa huandikwa, hutupwa baharini,
na wasipozidi mmoja kwa mia, hakuna anayeuliza.
Wapo wanaokataa kula, hori limejaa mbele yao.
Wanaelekeza uso ukutani. Siku ya nne unajua.
Namuwaza mkaza mwana mmoja, jina lake hatukuachiwa,
usiku wa mia na kitu, taa ya mafuta mkononi,
mbele ya mnyama aliyeelekeza uso ukutani,
na wa aina yake duniani amebaki mwingine mmoja.
Daftari langu halina safu ya hilo.
Aliketi hapo hapo kwenye maji machafu, nadhani.
Alitafuna zile nyasi yeye mwenyewe, zikalainika,
akamtia mdomoni kwa kidole.

Jumapili iliyofuata Odette aliniletea mchoro.
Hakuna twiga. Upinde wa mvua, hakuna.
Kuna mtu ametupa kisogo, ameshika koleo.
Koleo ni kubwa kuliko mtu.