Inua Bega

Ulifika Kitete na basi la alfajiri kutoka Sikonge,
shati limefungwa mpaka kifungo cha juu
kama mtu aliyeficha yai shingoni.
Nilipofungua kola niliyahesabu matano,
nyuma ya msuli, upande wa kulia, yameshikana mikono.
Juu yake chale, safu tatu, bado zina masizi.
Sikuuliza nani kakuchanja.
Mimi mwenyewe ninazo mbili.

"Mtoki," ulisema. Nikakwambia mtoki ni wa kinenani,
una kidonda chake mguuni, kikipona nao huaga.
Haya yako yana miezi mitano, na hayaumi.
Hilo la kutouma ndilo lililomfanya Daktari Kasele
aisukume chai yake pembeni.

Kwanza sindano, nyembamba.
Iliingia, ikavuta, ikaingia tena,
tone likapakwa kwenye kioo, likakaushwa na feni.
Lugendo wa maabara akainamia darubini mpaka adhuhuri
akarudi na sentensi moja:
seli chache, damu nyingi, siwezi kuapa.

Ukacheka. Ukasema hata wewe
hujawahi kuijua asali kwa kijiti.
Mzinga ukiugonga unavuma tu,
haukwambii sega limeiva ama limeliwa na nondo.
Sharti ufungue, ukate kipande,
ukielekeze kwenye mwanga.
Nikasema, basi umeelewa kuliko mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili.

Jumatano. Ganzi, moto kidogo, kisha hakuna kitu.
Daktari hakwenda mbio. Pale ubavuni mwa shingo
hupita mshipa wa fahamu, uzi mtupu.
Ukikatwa mtu hafi,
ila bega linashuka
na mkono haupandi tena juu ya kichwa.
Kwa karani hiyo ni aibu ya kwenye picha.
Kwa mtu anayepanda mninga na mzinga mgongoni
ni kazi yote.
Akaliacha tezi kubwa, lililoukumbatia uzi ule,
akaliendea la pili, akalitoa zima na gamba lake
bila kulibana. Lilikuwa kama kunde mbichi.

"Inua bega," akasema, kabla hata ya kushona.
Ukaliinua. Ukainua na mkono wote,
ukaigusa taa yangu niliyokuwa nimeitakasa,
na sikukukaripia.

Tukalipasua mara mbili.
Nusu kwenye maji ya chumvi, nusu kwenye formalini,
maana formalini huua kila kitu ili kibaki kilivyo;
ukizamisha vyote, mdudu wa kifua kikuu, kama yumo,
atakufa kabla ya kutaja jina.
Chupa za vipimo ziliisha tangu Ijumaa.
Mkeo Nyanzala akatoa kikapuni chupa tupu ya asali,
mdomo mpana, kifuniko chekundu.
Niliichemsha mara mbili, na bado, naapa, ilinukia.
Nikabandika plasta: Mihambo Ndisha, miaka 34, shingo kulia.
Kondakta wa basi la Mwanza aliipokea,
akaitikisa, akauliza lita moja bei gani.

Nyuzi nilikutoa Jumanne iliyopita.
Jana nusu ya maji ya chumvi imejibu: mdudu hayupo.
Sijui niite habari njema au mbaya.
Mlango mmoja umefungwa, basi;
ule mwingine uko Mwanza, umekatwa vipande
vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
umepakwa rangi ya waridi na zambarau,
na mtu nisiyemjua anautazama, au bado hajautazama.
Kwenye daftari langu safu ya majibu ni nyeupe.

Nilikupigia mara mbili, mtandao ukagoma.
Mara ya tatu akapokea Nyanzala.
"Yuko juu ya mti," akasema. "Nimwite?"
Nilisikia moshi, yaani nilimsikia akikohoa moshi.
Nikamwambia hapana.
Mwambie asishuke kwa haraka.